Kifungua Mimba wa Karatasini

Mzee Dominique alitaka karatasi, na Mathilde akamletea.

Aliitaka mwenyewe, mbele ya chifu na watu wa Lusangi, siku Mathilde alipoomba kipande cha shamba la familia kule bondeni, apande mihogo ya kulisha wanawe. Tangu enzi za babu yake, Salumu, wao walilima mlimani, kwenye mawe.

"Wewe ni mujukuu wa mutumwa," Dominique alimwambia. "Babu yako tulimununua kwa chumvi. Leta karatasi yenye kusema alikuwa mutoto wa nyumba yetu! Karatasi ikisema, mimi ninanyamaza."

Chifu akaridhia: karatasi ndiyo itaamua. Watu walicheka sana. Nani aliwahi kuona karatasi ya mtumwa?

Mathilde akapanda pikipiki hadi Kasongo. Alipekua vitabu vya Wabelgiji vya kuhesabia watu, vilivyoliwa na mchwa, mpaka jina likaonekana. Karani akampa nakala yenye muhuri.

Sasa chifu aliisoma kwa sauti. "Watoto wa Kalonda. Wa kwanza, Salumu. Wa pili, Bruno."

Kalonda alikuwa babu yake Dominique, na Bruno baba yake.

"Bongo! Uongo mutupu!" Dominique aliruka. "Tulimuandikisha wa kwanza kusudi! Wazungu walitaka kifungua mimba wa kila nyumba aende kulima barabara. Tulitoa mutumwa, hatukutoa mutoto wetu!"

Wazee wakatazama chini. Walimkumbuka Salumu. Barabara ilimrudisha na mguu mmoja.

"Kumbe ni ninyi mulimuandikisha," chifu alisema. "Na karatasi uliitaka wewe. Basi nyumba ya Salumu ndiyo nyumba kubwa. Bonde ni lao."

Dominique alikuwa amezoea Mathilde ampigie goti akimwita "mukubwa". Leo yeye ndiye aliyelainisha sauti.

"Mathilde, mwanangu. Muke wangu amezikwa kule bondeni. Na mihogo yangu iko karibu kukomaa."

"Mihogo watoto watakula, baba mudogo." Alilitamka hilo la mwisho taratibu, kila mtu asikie. "Sikufukuzi. Wewe ni damu yangu, karatasi imesema. Utalima kule juu, kwenye mawe."

Alikunja nakala yake, akaichomeka kifuani.

"Na kwa sababu mulima ni mukali," akaongeza, "mukongojo wa babu niko nao. Kesho nitakuletea."