Cherehani Iliyokwenda Usaili

Kuna watu wana macho makavu, na mwalimu wa tuisheni aliyeitwa Ufunguo alikuwa mmoja wao. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kina viti vya plastiki na ubao mweupe usiofutika vizuri, na humo ndimo walimokwenda wote waliotaka kusoma shahada ya uzamili ya uchumi. Walianza na kalkulasi, wakaja takwimu, wakamalizia na mitihani ya miaka iliyopita. Kwa kufundisha hesabu, tusimnyime haki yake, jamaa alikuwa fundi. Laiti angeishia hapo.

Binti wa habari hii majirani walimwita Profesa, kwa utani tu, kwa kuwa hata kwenye foleni ya maji alisimama na kitabu. Alikuwa karani wa bohari. Akitoka zamu alikwenda moja kwa moja kwa Ufunguo, tumbo likimnguruma. Nafasi za ufadhili chuoni zilikuwa za kuhesabika, na bila ufadhili yeye na uzamili wangepungiana mikono kwa mbali. Hakuwa na mpango mwingine.

Mtihani wa maandishi aliufaulu. Ukabaki usaili, na kwa usaili Ufunguo alikuwa na utaratibu wake: kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kueleza kwa nini anataka kusoma uchumi, naye aupige msasa.

Profesa aliandika habari za mama yake. Mama alikuwa akishona sare za shule barazani, mpaka bei ya kitambaa ikapanda na kuzidi kupanda. Yeye bei yake hakuigusa. Alishona kwa hasara, akaona haya kusema, mwisho akaacha, na cherehani ikafunikwa shuka kando ya kitanda. Binti alipomuuliza kwa nini hakuongeza bei, mama alimjibu, "Wale ni watu ninaoonana nao kila siku, mwanangu. Ningewatazama vipi?" Jibu hilo ndilo lililomsukuma kwenye vitabu vya uchumi, na ndani ya vitabu hakulikuta.

Ufunguo alisoma ukurasa ule, akavua miwani, akapangusa macho.

"Hii ni dhahabu," alisema. Kisha akachukua kalamu nyekundu akayakata maneno ya mama. "Haya yatoe, si uchumi haya. Hapa sema mnyumbuko wa mahitaji ulikuwa mkubwa, yaani bei ikipanda kidogo tu wateja wanakimbia."

"Lakini ndivyo alivyosema, mwalimu."

"Nani kakuuliza mama alisemaje? Wanataka kujua wewe umesoma nini."

Alikubali shingo upande.

Siku ya usaili, kijana mmoja wa suti ya buluu, mwanafunzi mwenzake wa kwa Ufunguo, alitoka chumbani anatabasamu mpaka jino la mwisho. Alipomwona Profesa akatazama pembeni, akapita haraka. Binti hakulitilia maanani. Akaitwa, akaketi mbele ya mwenyekiti wa jopo na mhadhiri mmoja mwanamke.

"Kwa nini uchumi?" mwenyekiti akauliza.

Akaanza. Alipofika kwenye cherehani, mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Ngoja nikusaidie. Bei ya kitambaa ikapanda. Mama hakuongeza bei. Mnyumbuko wa mahitaji. Cherehani ikafunikwa shuka." Akamtazama. "Wewe ni wa tatu tangu asubuhi, binti. Huyo mama ana watoto wangapi?"

Wakacheka, wote wawili.

Profesa alipigwa na butwaa. Kisha akaikumbuka ile suti ya buluu iliyompita mbio, akamkumbuka Ufunguo anapangusa macho, na damu ikamchemka. Kumbe yale yalikuwa machozi ya mchuuzi aliyeona bidhaa. Mama yake, aliyeona haya hata kumwambia jirani kwamba kazi imemshinda, alikuwa ameazimishwa kwa watu kama sufuria, na sasa anachekwa na watu wenye chupa za maji mezani, wasiomjua wala hawatamjua.

"Basi tupe nyingine," mwenyekiti alisema. "Safari hii ya kweli."

"Sina nyingine." Akamkazia macho mwenyekiti. "Mama ninaye mmoja. Hao wengine waulizeni wamempata wapi."

Kicheko kikakatika. Mhadhiri akasogeza kiti.

"Kwa nini hakuongeza bei? Wenzako wamesema mnyumbuko."

"Wamekariri. Mimi nilimuuliza." Akayasema yale maneno yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu. "Vitabu nilivyosoma vinamwona mtu kama huyo hajui masilahi yake. Sikubali. Nataka kusoma mpaka niweze kulionyesha hilo kwa hesabu."

"Anza sasa," mhadhiri alisema, akamwonyesha ubao.

Akaandika mlinganyo, faida huku, aibu kule. Katikati ukamshinda, akasema umemshinda.

Majina yalipotoka, lake lilikuwamo. La kijana wa suti lilikuwamo pia. Naam, naye kapata ufadhili, kwa cherehani ambayo hajawahi hata kuitungia uzi. Profesa alikwenda nyumbani amenuna kama aliyefeli, akamsimulia mama yote, asimfiche hata kile kicheko. Mama alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Walicheka?"

"Walicheka, mama."

Mama akachukua shati jingine, akalikunja. Hapo simu ikalia. Profesa akaiweka sauti ya nje ili mama naye asikie, maana aliyepiga alikuwa Ufunguo.

"Mwanangu, hongera sana, tumefaulu," alisema, bila haya wala soni. "Sasa, ile ya cherehani imeshachuja, wasaili wameizoea. Nina darasa jipya linaanza. Hivi marehemu baba yako alikuwa akifanya kazi gani? Alikufaje?"

Profesa alifumbua mdomo, matusi yakiwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Alikuwa mtu asiyependa kusemwa," alisema taratibu. "Nami niko hivyo hivyo, ila sikuulizwa."

Akakata simu, akaiweka juu ya nguo zilizokunjwa. Matusi yakamwishia Profesa mdomoni, kwa sababu alijua maneno yale hayakumlenga mwalimu peke yake: hata yeye hakumuuliza mama kabla ya kumwandika.