Kuku wa Sherdil

Sherdil alikuwa mwanamume wa kuogopwa. Kijiji kizima kilijua hivyo, kwa sababu mwenyewe alikuwa akikitangazia kutoka dirisha la mnara wake. Kushuka ndiko kulikomshinda. Marehemu baba yake alimuua kwa risasi baba wa binamu yake Zarawar kwa ugomvi wa mfereji wa maji, na kisasi kikabaki kumsubiri mwanawe. Basi Sherdil akahamia juu ya mnara wa udongo na bunduki yake, akimngoja Zarawar aje kumuua.

Zarawar akaja mikono mitupu. Alikuwa amekula kiapo cha kutoshika silaha, akakusanya wenzake, wakachovya mashati yao katika rangi nyekundu ya watengeneza ngozi, wakawa wanafagia vijiji, wanafungua shule, na kuwaambia Waingereza waliowatawala kwa upole kwamba sasa waende kwao. Kila msimu wa miwa alimwachia Sherdil sukari guru mlangoni pa mnara. Sherdil, aliyeshuku sumu, alimwonjesha kuku kwanza. Kuku akanenepa.

"Baba Taj," mkewe Spogmai alimwambia, "huyu kuku amekuzidi adabu. Mwenzio hushuka kumpokea mgeni."

Mwaka ule Zarawar alikamatwa. Shida ikawa kumtafutia kosa. Hakimu wa Kiingereza akatuma askari mnarani: Sherdil aje aseme binamu yake alitishia kumuua, mtu afungwe miaka, naye ashuke kwa raha zake.

Sherdil akashuka. Watoto walipanga foleni kuhakikisha kama ana miguu.

Njia nzima aliupima ule uongo. Akiusema, Zarawar anaozea jela. Asipousema, nchi nzima ya mpakani itajua kwamba dume zima lilijificha kwa kumwogopa mtu wa fagio.

Mahakamani Zarawar alisimama na pingu miguuni, amekonda.

"Binamu, umependeza," alisema. "Kuku hajambo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nani kakwambia habari za kuku?"

"Nani hajui? Mwaka huu nilimwongezea fungu lake."

Sherdil akahisi masikio yanawaka. Kumbe fahari aliyokuja kuilinda ilishaliwa zamani, na kuku.

"Shahidi," hakimu akasema, "huyu alikutishia?"

"Hapana, bwana. Nilijitisha mwenyewe."

Hakimu alifuta miwani yake taratibu. Mtu mwenye bunduki, alisema, serikali inaijua dawa yake: atapigwa bomu au atapewa posho. Lakini mtu anayemshusha adui yake mnarani kwa sukari, huyo ni hatari kwa dola. Miaka mitatu, kazi ngumu.

Kisha akamgeukia Sherdil: aahidi kutojiunga na watu wa mashati mekundu, arudi nyumbani; la sivyo, jela.

"Nirudi mnarani, bwana? Nimkimbie nani sasa?"

"Ahidi."

"Siahidi."

Hakimu akampa miaka miwili.

Jela iliwaweka kwenye jiwe moja la kusagia nafaka, Zarawar upande huu, Sherdil ule, magoti yakigusana. Spogmai alipokuja kuwaona, alisimama akawatazama hadi mlinzi akakohoa.

"Umemkimbia ujana wako wote," alimwambia mumewe, "ukaja kufungwa naye mnyororo mmoja."

"Mnara wangu unatunzwa?"

"Kuku anatagia humo. Na mlango tunauacha wazi."