Kalori za Karani Mkuu

Karani mkuu wa masjala, ambaye ofisi nzima ilimwita Gundi kwa jinsi alivyoganda kitini, alirudi nyumbani siku hiyo amechangamka kama aliyepandishwa cheo. Alijitupa kwenye kochi, akamwita mkewe aliyekuwa uani akikamua mashuka.

"Mama watoto, njoo uone! Kumbe mimi nafanya kazi hata nikiwa nimelala."

Mkewe akaja mikono ikichuruzika maji. Gundi akamwonyesha simu. Ilikuwa na kikokotoo: unaingiza uzito, urefu na umri, nacho kinakadiria kalori ambazo mwili unaunguza kwa siku ukiwa umejilaza tu, moyo ukidunda na mapafu yakivuta pumzi. Urefu alijiongezea sentimita kumi na mbili. Umri alijipunguzia miaka kumi na miwili, ili asionekane mchoyo upande mmoja. Uzito ndio aliouandika kwa uaminifu, tena kwa fahari, maana aligundua kila kilo inampandishia hesabu.

"Elfu moja mia nane na tisini!" alisema. "Na sijanyanyua hata kijiko. Ukinikuta hapa usidhani nimekaa bure. Injini inaunguruma."

Tangu hapo nyumba haikukalika. Akiombwa ainue ndoo, anasema mwili uko kazini. Sahani ikitua mbele yake, anaikodolea macho na kuuliza kama kalori zake zimetimia. Ofisini, aliyeulizia faili lake alipewa somo la moyo na mapafu, akaambiwa arudi wiki ijayo.

Mkewe, dobi wa hosteli ya wanafunzi, alivumilia wiki tatu. Ya nne akampigia simu mdogo wake, muuguzi katika kliniki ya lishe.

"Mlete," mdogo mtu akasema. "Tuna mashine inayopima pumzi na kuhesabu kalori kutokana nayo, hakuna kubahatisha. Aje asubuhi na mapema, asile kitu. Na wewe dada usile, nitakupima pia."

Gundi alikwenda kifua mbele. Mtihani wa kulala! Akalazwa kitandani, kichwa kikafunikwa kwa plastiki angavu, kama kiporo chini ya kawa.

"Nusu saa, shemeji. Usiseme, usitikisike, usisinzie."

Dakika ya tisa akakoroma. Akaamshwa, wakaanza upya. Safari hii taya likawa linacheza. Muuguzi akafunua, akamkuta na karanga shavuni. Siku hiyo hakupimika. Wakarudi kesho yake, mkewe akampekua mifuko mlangoni.

Majibu yalipotoka, muuguzi aliyasoma mara mbili.

"Shemeji, elfu moja mia nne na themanini."

"Mbona simu ilisema..."

"Simu inakadiria tu, tena kwa uliyoiambia. Hebu niione. Umeandika una miaka arobaini?"

Gundi akatazama dirishani. "Na dada yako?"

"Elfu moja na mia nne. Na umemzidi kilo thelathini na moja! Mwenzio ana misuli, na misuli inakula hata ikitulia. Wewe shemeji ukipumzika, na mwili wako nao unapumzika."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Gundi alivaa viatu bila kufunga kamba, akisema mashine yao ni mbovu.

Jumatatu hakumhubiria mtu. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akifuatilia faili lake mwezi mzima alipochungulia dirishani, alishangaa kumwona karani mkuu ananyanyuka mwenyewe, anaburuta ngazi na kupanda hadi rafu ya juu. Aliteremka shati limemgandama mgongoni, vumbi puani, akamkabidhi faili kwa mikono miwili. Ofisi nzima ilikuwa imeacha kuandika.

Mwalimu alivaa miwani, akasoma jalada taratibu.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Ila hili si langu."