Beseni Tupu Ngazini

Beseni la bluu, lenye ufa mdomoni, ndilo lililonirudisha duniani. Nikiwaambia wajukuu hivyo wanadhani ninawategea kitendawili.

Nilikuwa nimeanguka ngazini, nikavunjika nyonga. Mfupa ukaungana, lakini miguu ikagoma: nikiitazama tu ngazi ya kwanza, narudi ndani. Mwanangu akaona siwezi kuishi juu ghorofani kama kuku aliyefungiwa. Akaamua nihamie kwa dada yake, mbali, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Mimi kile chumba sikutaka kukiacha. Dirisha lake marehemu mume wangu alilipaka rangi kwa mkono wake. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akaomba kwanza tumwite mshauri nasaha.

Akaja binti mpole. Nikakaa vizuri nimsimulie nilivyoanguka, maana hadithi hiyo nilishaikariri. Hakuiuliza. Alitaka kujua, kutoka sifuri hadi kumi, naiamini miguu yangu kiasi gani. Nikamwambia mbili.

"Kwa nini si sifuri, Bibi?"

Vitendawili nimetega tangu utotoni, lakini mshauri asiyeshauri nilikuwa sijakutana naye. Basi nikamwambia ile mbili ni ya juzi. Mkwe wangu alikuwa anashusha nguo za kuanika, beseni limemwelemea, nikashika upande wa pili. Tukagombana nani anamvuta mwenzake, hadi nikajikuta pale ngazi zinapokata kona. Hapo ndipo nilipokumbuka kuogopa, nikapandishwa juu mzimamzima kama kabati.

"Kumbe umeshashuka," akasema. "Macho yako yalikuwa wapi?"

"Kwa huyu mkwe wangu. Anashika beseni kama jeneza."

"Nimekusikia, Mama," sauti ikatoka jikoni.

Binti akaniuliza nini kingeifanya mbili iwe tatu. Nikafikiri sana, na jibu lilikuwa limeegemea ukuta wa bafuni, lina ufa mdomoni.

Siku aliyorudi mwanangu na gari la kubebea kitanda changu, alitukuta tunashuka, tunagombana, kona tumeshaipita. Akasimama chini, ufunguo mkononi, hadi tukafika alipo. Akachungulia ndani ya beseni. Hamkuwa na hata soksi.

"Mnashusha nini?"

"Mama yako," mkewe akamjibu.

Akatia ufunguo mfukoni, akalishika beseni upande wa mkewe, tukaanza kupanda. Naye pia hajui kulishika.