Kinarudisha Asili

Asubuhi hiyo fundi cherehani alikuwa amechutama mlangoni pa banda, anawamwagia kuku chakula, na mumewe amesimama nyuma yake akimweleza namna ya kumwaga. Mume alikuwa msoma mita wa maji. Kazini kwake hakuna aliyewahi kumuuliza jambo lolote kuhusu kuku, wala kuhusu kitu kingine chochote, kwa hiyo maelezo yake yote aliyaleta nyumbani. Majirani walimwita Mtaalamu, naye aliipokea kama heshima.

Kuku walikuwa wa fundi. Aliwanunua mwenyewe wakiwa vifaranga, kwa jasho la kushona sare za shule, akawalisha pumba na mashudu na mabaki ya jikoni, nao wakataga kadiri walivyoweza. Kisha siku moja Mtaalamu akarudi na gunia jeupe lenye picha ya jogoo anayecheka. Chakula cha asili, daraja la kwanza, hakina kemikali. Chini ya jogoo paliandikwa kwa herufi za kijani: KINARUDISHA ASILI. Bei yake ilikuwa ya kukuna kichwa, na ilitoka kwenye hela za cherehani.

Watu walidhani fundi anakipinga. Hakukipinga. Ukweli ni kwamba hakujua. Huenda kilikuwa bora kuliko pumba, huenda kilikuwa pumba iliyovalishwa suti. Alichotaka ni kujua tu, na njia ya kujua alikuwa nayo: wawagawe kuku makundi mawili, hawa wale cha gunia, wengine waendelee na pumba, halafu walinganishe mayai. Sentensi moja, wala haimalizi pumzi. Lakini tangu gunia liingie uani hajawahi kuifikisha mwisho. Akianza tu, "Nilikuwa nafikiri tuwagawe kuku...", Mtaalamu keshadakia: "Ngoja nikueleweshe, mke wangu." Hapo zitafuata protini, zitafuata madini, zitafuata nchi za mbali ambako kuku huwekewa muziki. Mpaka atue, chai imepoa na kuku wamekwisha kula.

Jamani, inachosha. Mtu akikukatiza mara moja utasema ni bahati mbaya. Huyu alikatiza kama aliyeajiriwa kukatiza.

Mayai ya chakula kipya, kwa kuyatazama, yalikuwa mayai tu. Fundi alikoroga mawili kwa mwiko ili ayakaange, na kabla mafuta hayajapata moto mwiko ukachipua majani. Akauweka kando, akatafuta uma. Siku chache baadaye tone la yai likadondokea gauni la mteja lililokuwa mezani, na pale lilipoangukia kitambaa kikarudi kuwa pamba, na mbegu zake ndani. Mteja alipokuja akalipapasa gauni, akasema yeye aliagiza lenye mifuko, hakuagiza lenye mbegu, akataka apunguziwe. Akapunguziwa.

Mama mkwe, aliyeishi nao kwenye chumba cha nyuma, alikula yai la kuchemsha asubuhi akawa mtoto wa miaka saba hivi mpaka mchana. Aliruka kamba uani, akagombana na binti wa jirani, akamlilia mama yake. Mchana akaurudia uzee wake, akalalamika kwamba goti linamuuma na kwamba lile yai halikuwa na chumvi.

"Unaona?" Mtaalamu alisema. "Gunia halidanganyi. Kila kitu kinarudi asili yake."

"Ndiyo maana nasema tuwagawe kuku..."

"Ngoja nikueleweshe."

Fundi alikwenda nyuma ya banda akalia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, meno yamekazana. Mama mkwe akamfuata taratibu na goti lake, akamwambia yale anayomwambia siku zote: avumilie, mwanawe hakuwa hivi, ni hizo mita zilizomharibu, kutwa anaongea na mabomba. Fundi naye aliamini hivyo hivyo. Alimkumbuka kijana aliyekuwa akija kukaa kando ya cherehani jioni nzima, kimya, akitikisa kichwa, huku yeye akimsimulia maisha yake tangu utotoni. Ukimya ule ndio aliompendea. Wachumba wengine walikuwepo, tena wenye nyumba, akawaacha kwa sababu walikuwa na maneno mengi.

Basi akapata wazo, na cha kushangaza ni kwamba lilichelewa. Siku ya mapumziko akamkaangia mumewe mayai, sahani imejaa.

Mtaalamu alikula huku akieleza namna ya kukaanga mayai. Alipofika katikati ya sahani kitambi kikashuka, upara ukafunikwa na nywele, shati likampwaya mabegani. Akawa ameketi pale kijana yule yule, na sharubu zake chache za kubahatisha. Mama mkwe alipita na ndoo, akamtupia jicho.

"Kanyoe, baba," akasema, akaendelea na safari yake ya bombani.

Fundi alivuta kiti karibu.

"Nilikuwa nafikiri," alisema, "tuwagawe kuku makundi..."

"Ngoja nikueleweshe, mpenzi," kijana akasema.

Sauti ilikuwa nyembamba kidogo, basi. Alieleza kuku, akamaliza kuku, akaingia kwenye cherehani na jinsi inavyopaswa kutiwa mafuta. Fundi alimtazama midomo ikichezacheza, akajaribu kuzikumbuka vizuri zaidi zile jioni zao, na ndipo alipokumbuka pini. Kijana alikuwa akimsaidia kushika pini. Alizibana midomoni, safu nzima, akimpa moja moja kila alipohitaji. Uchumba wote ule hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameziba mdomo.

Fundi akainuka, akaleta kopo la pini. Kijana, kwa mazoea, akazipokea, akazibana midomoni, akanyamaza.

Naye fundi akasema. Alisema bila haraka, maana hapakuwa na wa kumkimbiza: kwamba wawagawe kuku makundi mawili, hawa wale cha gunia na wengine waendelee na pumba, halafu walinganishe mayai. Kwamba kuku ni wake. Kwamba chakula kikionekana kina faida atakinunua kwa moyo mweupe, na kisipoonekana, hapana. Na kwamba amechoka, amechoka kweli kweli. Kijana alimkazia macho na kutikisa kichwa kila baada ya maneno machache, vile vile kama zamani. Maneno yakaisha. Fundi akasubiri.

Kijana alizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani.

"Kwa hiyo tumekubaliana," akasema. "Kuku wote wabaki kwenye chakula cha asili. Nitaongeza na gunia la pili."

Mchana nywele zilimtoka, kitambi kikarudi mahali pake, akachukua mkokoteni akaenda dukani. Fundi alirudi kwenye cherehani, palipokuwa na gauni linalosubiri pindo. Akaziokota pini pale mezani, akazibana midomoni mwake mwenyewe, akaanza kushona.