Bendi Iliyosimama Kula

Bendi yetu iliitwa Zamu ya Tatu, kama zamu ya usiku viwandani, na mwimbaji wetu, Dwayne Hlavac, hakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja. Aliuza viatu vya kike kule Boardman, akishinda amepiga magoti mbele ya wateja, kisha akitoka kazini anavaa mavazi ya ngozi nyeusi na kuimba jinsi mashine inavyomtafuna binadamu. Felipe Ortolaza alipiga gita, mimi kinanda. Mpiga ngoma wetu alipojiunga na jeshi la majini, Dwayne alisema afadhali, ngoma ni za watoto, sisi tunataka chuma chenyewe.

Chuma hakikuwa tabu kupata Youngstown, mji wetu wa viwanda, miaka hiyo. Kiwanda cha sufuria kilikuwa kimefungwa na kilikuwa kinagawa mashine zake kwa yeyote mwenye lori. Tukachukua mtambo wa kugonga vifuniko, mzito kama kifaru, tukauweka kwenye gereji ya mama yake Felipe. Siku ya kwanza nusura unikate vidole. Ndipo Dwayne, kwa shingo upande, akaenda kumwita shangazi yake.

Shangazi huyo, Bernadine Sopko, alikuwa ameuendesha mtambo uleule mpaka siku kiwanda kilipofungwa. Alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na kukaa nyumbani kulikuwa kunamuua. Alikubali kwa masharti: kila mtu avae miwani ya kazi, nywele ndefu zifungwe, na mapumziko yaheshimiwe. Hatukuuliza mapumziko gani.

Tuliyajulia Cleveland, katika onyesho letu la kwanza la maana, kwenye bohari moja lililojaa vijana wenye minyororo na nyuso zilizopakwa unga mweupe. Bernadine aliuwasha mtambo, sakafu ikatetemeka, vifuniko vikaanza kudondoka, na umati ukapandwa na wazimu. Katikati ya wimbo wetu mkali kuliko yote, akauzima. Akavua glavu, akaketi juu ya ndoo, akafungua mkate wake wenye pilipili za kukaanga. Dwayne alibaki anapiga mayowe peke yake kama mtu aliyefungiwa bafuni.

Akamwendea, akasahau kuwa ameshika kipaza sauti. "Shangazi, wimbo haujaisha."

"Najua, mwanangu. Na mimi sijala."

Bohari zima lililipuka kwa shangwe. Felipe alinitazama, akaweka gita chini, akaenda kuomba kipande.

Wiki iliyofuata gazeti moja la muziki liliandika kwamba hakuna bendi Marekani iliyowahi kuthubutu kuwa na ukimya wa kikatili namna ile. Kampuni ya New York ikatuita kurekodi, na mtayarishaji akasisitiza kwamba mapumziko nayo yaingie kwenye santuri. Bernadine alitafuna mbele ya kipaza sauti asubuhi nzima, mtayarishaji akimwomba arudie kwa uchungu zaidi. Mwishowe alimwambia kwamba uchungu hana, ana njaa tu, na hata njaa yenyewe imekwisha. Redio za vyuo zilipiga kipande hicho kuliko nyimbo zetu zote.

Tulipofika Chicago mashabiki walikuwa wanakuja na chakula chao. Mtambo ukizimwa, mamia ya watu waliovaa kama maiti waliketi sakafuni, wakafungua vikopo vyao na kupeana chumvi. Bernadine alipita katikati yao akiwakemea waliokula viazi vya pakiti peke yake. Walimwita mama, na yeye, ambaye tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyemngoja popote, alianza kujipaka rangi ya mdomo kabla ya onyesho.

Dwayne alikonda. Alikuwa ameandika nyimbo kuhusu kifo, watu wanamwitikia kwa kutafuna. Usiku mmoja Detroit alijaribu kuyarudisha macho ya watu kwake kwa kugaagaa juu ya vioo vilivyovunjika. Bernadine aliacha mkate, akamwinua kwa ukosi, akachukua ufagio, akafagia, kisha akapazungushia mahali pale mnyororo wa njano ili mtu asiumie. Watu walilia kwa furaha. Dwayne pia alilia, ila si kwa furaha.

Kesho yake akatukusanya kwenye basi akasema tuchague, ama mapumziko ama yeye. Nilimpenda Dwayne, ndiye aliyenifundisha kutopenda chochote. Lakini nilikuwa nimezoea kula saa ile. Nilinyoosha mkono upande wa shangazi, Felipe naye vilevile. Dwayne aliteremka na begi lake kituo cha mafuta.

"Mwacheni," alisema Bernadine, macho dirishani. "Baba yake naye alikuwa hivihivi." Hakugusa chakula siku ile.

Dwayne aliunda bendi nyingine, isiyopumzika kabisa. Mashabiki wakaja na vikopo vyao vilevile, wakala tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ilikufa kabla ya majira ya baridi. Yetu iliendelea miaka mitatu zaidi, mpaka nyonga ya Bernadine ilipokataa ngazi za jukwaa. Tulijaribu kuweka sauti ya mtambo kwenye kanda, watu wakaomba warudishiwe viingilio.

Dwayne alirudi nyumbani, akaajiriwa mahali wanapotengeneza viti vya mabasi ya shule. Alinipigia simu siku ya kwanza, akanong'ona kwamba ndani kuna kelele mno, haelewi watu wanavumiliaje. Tangu hapo hajaimba tena kuhusu mashine. Alijiunga na bendi ya mjomba wake, ya kodiani na vizibao vya maua, inayopiga polka, dansi za kizamani, kwenye harusi za Waslovaki wenzao.

Alipiga kwenye harusi yangu. Kumbe jamaa ana sauti tamu, miaka yote ile alikuwa ameizika chini ya mayowe. Bernadine, na fimbo yake, alikwenda kusimama mbele ya jukwaa akamwomba wimbo aliochezea na marehemu mumewe. Dwayne alimwimbia wimbo wote, polepole, akimtazama yeye tu, na mwishoni akashuka kumshika mkono mpaka kwenye kiti.