Mwanakondoo wa Kwa Velko

Tai haogopi kibanda, anamwogopa mtu. Na pamoja na macho yote yale aliyojaliwa, hesabu hajui. Wakiingia watu wawili kibandani akatoka mmoja, kwake wametoka wote. Ndiyo maana mjukuu wangu Zornitsa alipotaka kupiga picha za tai nilikuwa namsindikiza mimi. Tunapanda pamoja alfajiri, yeye anaingia anafunga komeo kwa ndani, mimi nashuka peke yangu nikikohoa kwa makusudi, tai kule jabalini anione nikienda zangu. Jioni narudi kumtoa. Hapo katikati hatoki hata kwa haja ndogo, ana kopo lake. Simu haishiki kule.

Asubuhi moja ya Februari tulipanda na mwanakondoo aliyekufa. Nilipewa jana yake na Minka, mke wa jirani yetu Velko. Alimkuta bandani ndani ya gunia, akasema heri tai wamle kuliko anuke bandani. Kijijini kwetu kila mtu alijua kwamba mzoga wowote ni wa Zornitsa, chambo cha tai. Zornitsa akamtoa kwenye gunia, akamfunga kwa waya kwenye jiwe, hatua ishirini kutoka kibandani, tai asije akaruka naye.

"Leo akitua nikampata vizuri, bibi, nakupikia wiki nzima."

"Ukipika wewe, heri nile na tai."

Alicheka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaingia. Nikampitishia chai na mkate wa jibini, nikashuka nikikohoa.

Nilikuwa nachemsha maziwa Velko alipoingia bila kubisha. Velko ni mtu wa makelele, akisema nyumbani kwake tunasikia kwetu. Siku hiyo alinong'ona kama yuko kanisani.

"Shangazi Stoyna, Minka kakupa yule wa kwenye gunia?"

"Kanipa. Unamdai? Ameshapanda mlimani."

Akakaa. Kiti kilikuwepo, lakini alikaa juu ya kuni.

"Nilimtia dawa, shangazi. Ya mbwa mwitu. Kondoo saba wamenimalizia, ningefanyaje?"

"Dawa ya kuua mtu?"

Akatazama mlango. "Usimwambie mtu yeyote. Ni kifungo."

Mimi nilikuwa naiona mikono ya Zornitsa ikijipangusa kwenye suruali, halafu naiona ikimega mkate. Maziwa yakafurika, nikayaacha yafurike.

"Lete gari mpaka barabara inapoishia," nikamwambia. "Nikishuka nisikukute, Velko, polisi nitakwenda hata kwa magoti."

Nilikuwa na miaka sabini na mmoja. Njia ile hunichukua saa nzima, nikipumzika mara tatu. Sikupumzika. Kila nilipoinua macho nilitazama jabali, kwa sababu Zornitsa ana desturi yake. Jua likigusa jabali ndipo anapokula. Nilipofika kwenye misonobari mwanga wa jua ulikuwa umeshateremka nusu ya jabali. Mama yake yuko Uhispania, anaogesha wazee wa watu. Aliniachia mtoto ana miaka minne. Nikawa najiuliza nitapiga simu niseme nini. Nilimpa mkate mwenyewe kwa mkono wangu?

"Zornitsa! Usile! Zornitsa!"

Kimya. Na mtu wa kibandani hajibu, hiyo ndiyo sheria aliyonifundisha yeye mwenyewe, hata aitwe na nani. Kwa hiyo kimya kile sikujua ni cha mtoto mtiifu au cha maiti. Nikaita tena.

Nilipotokea penye uwazi, tai alikuwa ametua. Miaka yote ile sikuwahi kumwona karibu hivyo, shingo yake ya rangi ya asali, kucha zimezama kwenye manyoya ya mwanakondoo. Alikuwa hajachana ngozi bado. Nikamkimbilia na fimbo nikipiga kelele. Akainuka kwa kishindo kama blanketi linalokung'utwa, upepo wake ukanipiga usoni.

Ndani ya kibanda mtu akalia kwa hasira.

"Bibi! Una wazimu? Siku arobaini namngoja, unamfukuza! Hatarudi tena hapa!"

"Umekula?"

"Nini?"

"Mkate, mtoto we! Umekula?"

"Nusu. Tena jibini lako limechacha, tumbo linanikata." Komeo likafunguka. Alikuwa anajifuta mate kwa mkono wa koti, na mate hayakukoma. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Nikamwambia yote kwa mara moja huku namwosha mikono kwa theluji na kwa chai. Akatapika. Nikamvuta mkono twende, akanikatalia.

"Na tai je? Akirudi akila?"

Sikuwa na muda wa kubishana. Nikafungua waya, nikamburuta yule mwanakondoo na gunia lake mpaka kibandani, nikafunga mlango na kuuegemezea mawe. Nilitumia glavu zangu, nikaziacha humo humo. Kisha tukashuka, yeye ameniegemea, magoti yanamtetemeka.

Velko alikuwepo. Aliendesha kwa kasi, na kila baada ya kona anarudia, "Shangazi, tuseme amekula kitu kibovu. Chakula kibovu tu." Zornitsa alikuwa ameniwekea kichwa mapajani. Tulipovuka daraja la pili akaacha kunijibu.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, anauliza huku anatembea.

"Sumu gani? Nahitaji jina. Bila jina nabahatisha."

Velko akatazama viatu vyake. Sikumgombeza. Niliuchukua mkono wake nikauweka shingoni kwa mtoto, pale mshipa unapopiga, ausikie ulivyopungua.

"Huyo ni Zornitsa," nikasema. "Ulimfundisha baiskeli."

Akaanza kulia. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa pakiti. Alikuwa nayo njia nzima. Daktari aliisoma akakimbia nayo.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na yeye. Muuguzi alipita akatuambia polisi wameitwa. Velko akatikisa kichwa kukubali, wala hakuinuka.

Saa nane mchana daktari akatoka, akasema ataishi. Woga wote niliopanda nao mlimani ulinipata pale, meno yakagongana.

"Shangazi," Velko akasema, "nikuletee maji?"

Nikaitazama mikono yake.

"Kanawe kwanza," nikamwambia.